Deni Si Ruhusa ya Kuvunja Mlango

Kukopa si jambo geni katika Kisiwa cha Mafia, wala si aibu. Mvuvi wa Jibondo hukopa nyavu na mafuta ya mashine kwa tajiri wa samaki, akamlipa kwa samaki. Mwenye shamba la minazi huko Kanga au Kirongwe hukopa akingoja kuangua nazi. Kusi inapovuma na bahari ikachafuka, vyombo vidogo hulala pwani kwa siku nyingi, na nyumba nyingi hupika kwa mkopo wa dukani. Hivyo ndivyo walivyoishi wazee wetu, na mwenye duka na mteja wake walijuana kwa majina, wakasubiriana msimu.

Tunayotaka kuyazungumza leo ni mambo mengine. Ni ile mikopo ambayo wananchi wenyewe, kwa kuichoka, wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo halikutungwa na Serikali wala na wanasiasa. Limetoka vinywani mwa akina mama wa sokoni, madereva wa bodaboda, walimu na wastaafu wa nchi nzima, nao hawakutafuta neno la kupamba. Walilisema lile waliloliona.

Hebu tuchukue mfano. Mama mkaanga samaki wa Kilindoni anakopa shilingi 100,000 ili aongeze mtaji. Anaambiwa arejeshe 130,000 baada ya siku thelathini, na kila siku atakayochelewa aongeze 5,000. Upepo ukigeuka akakosa samaki kwa siku kumi, faini peke yake imekwisha kuwa 50,000. Deni la laki moja sasa ni laki moja na themanini elfu, na mwezi wa pili haujafika katikati. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani watu binafsi na kampuni zinazokopesha bila kupokea amana za watu. Kwa ukomo huo riba ya mama yule kwa mwezi mzima ingekuwa shilingi 3,500. Msomaji alinganishe mwenyewe hizo 3,500 na 30,000.

Lakini riba ni nusu tu ya balaa. Nusu ya pili huja siku ya kudai.

Mkusanya madeni huja na wenzake wawili watatu. Haji usiku, maana hataki kufichika, anataka aonekane. Husimama uani akataja deni kwa sauti, majirani wakisikia. Hubeba godoro, sufuria, redio, jiko la gesi. Humfuata mdaiwa sokoni, au shuleni kama ni mwalimu, au akamngojea nje ya msikiti. Mjini Dar es Salaam mtu aliyefedheheshwa hivyo anaweza kuhamia mtaa mwingine na maisha yakaendelea. Mafia atahamia wapi? Kisiwa hiki kina watu zaidi ya 60,000, na ukianza kuulizana koo, haichukui muda kabla hamjakuta babu mmoja. Habari ya asubuhi ya Utende, jioni imefika Bweni. Kwa hiyo fedheha hapa inakata zaidi kuliko bara, na wanaoifanya wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana wameifanya kuwa chombo chao cha kazi badala ya mahakama, kwa kuwa haina ada wala haitaki ushahidi, tena haina rufaa.

Tunasema wazi kwamba mwenendo huo hauna msingi wowote katika sheria za nchi. Deni ni shauri la madai. Asiyelipa amevunja ahadi, na aliyemkopesha ana haki kamili ya kwenda mahakamani kumshitaki. Haki yake inaishia hapo. Hakimu ndiye atakayesikiliza pande zote mbili, na hakimu ndiye atakayeamua kama deni lipo, ni kiasi gani na lilipwe vipi. Mdai akishinda na mdaiwa asipotii, mahakama hutoa amri ya kukaza hukumu, na kazi ya kukamata mali hupewa dalali wa mahakama, mtu aliyeteuliwa kwa taratibu zinazojulikana. Kanuni za mwaka 2017 zinazohusu madalali wa mahakama zinaeleza namna ya kuwateua, malipo yao na nidhamu yao. Anayekuja na pikipiki na daftari la kampuni, bila ya karatasi ya mahakama, si dalali wa mahakama hata akivaa shati lenye nembo. Akiingia ndani bila ya ridhaa ya mwenye nyumba na kubeba vitu, yeye ndiye anayepaswa kujieleza kituoni.

Hata huyo dalali halali hana ruhusa ya kuzoa kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inayoongoza mahakama za wilaya na zile za juu yake, inataja katika kifungu cha 48 mali zisizoguswa katika kukaza hukumu. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke wake na watoto wake. Zana za fundi. Zana za kilimo za mkulima. Na nyumba anamoishi pamoja na jamaa yake. Waliotunga sheria hiyo walielewa jambo ambalo wakusanya madeni wa siku hizi hawataki kulielewa: ukimnyang'anya mtu sufuria na jembe hujalipwa deni, umemwondolea njia ya kulilipa. Kisiwani kwetu hoja hiyo inafaa kutolewa mbele ya hakimu kila mara nyavu, dema au mtumbwi wa mvuvi unapotajwa kuwa mali ya kukamatwa. Mvuvi asiye na chombo atamlipa nani?

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Kinga hiyo haimsaidii aliyekwisha kuiweka mali yake rehani kwa hiari na kwa mkataba halali. Mwenye kutoa nyumba au chombo kuwa dhamana afahamu kwamba ameitoa. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mmoja kwa siri ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi. Wakopeshaji wengi wanaijua sheria hii. Wanaoghafilika nayo mara nyingi ni wenye nyumba.

Iko hila moja inayostahili kuelezwa kwa urefu, maana ni ya zamani kuliko wakopeshaji wenyewe. Mkopaji anapewa karatasi mbili aweke sahihi. Moja ni ya mkopo. Ya pili, ambayo mara nyingi huonyeshwa kwa haraka, ni hati ya mauziano, kwamba yeye fulani amemwuzia mkopeshaji pikipiki yake, au kiwanja chake, au minazi yake, na fedha amekwisha kuzipokea. Siku akishindwa kulipa, karatasi ya mkopo haionekani tena. Kinachoonekana ni kwamba aliuza mali yake kwa hiari yake. Pakitokea ubishi, mkopeshaji huja kama mnunuzi anayedai mali yake.

Wazee wa pwani waliijua hila hii. Unguja na Pemba, katika karne ya kumi na tisa na nusu ya kwanza ya karne iliyofuata, mkopo mwingi ulipitia bei ya khiyari. Mkulima alimwuzia tajiri shamba lake la mikarafuu kwa maneno, akabaki na khiyari ya kulikomboa kwa muda fulani. Kwa kuwa dini imeharamisha riba, faida ya tajiri ilijificha ndani ya mauzo hayo. Bei ya karafuu ilipoporomoka, wengi walishindwa kukomboa. Mambo yalifika mahali ambapo serikali ya kikoloni yenyewe, ambayo haikuwa na desturi ya kumlilia mkulima, ililazimika mwaka 1934 kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasitoke mikononi mwa wenyeji, na mwaka 1938 ikatunga nyingine ya kusuluhisha madeni yao. Mafia ilikuwa chini ya Sultani yule yule wa Zanzibar hadi mwaka 1890, ilipoingia mikononi mwa Wajerumani, na uchumi wake wa mashamba ulikuwa ndugu wa ule wa Unguja. Kwa hiyo tunapomwona kijana wa leo akitia sahihi hati ya mauziano ya pikipiki aliyoiweka dhamana, tunaona shamba la mikarafuu la mwaka 1934 limevaa magurudumu.

Basi mwananchi akiletewa hati ya mauziano wakati anataka mkopo, aikatae. Anayekopa hakuuza kitu. Asitie sahihi karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi, asitoe kadi yake ya benki na namba yake ya siri iwekwe "amana", na asiondoke bila ya nakala yake ya mkataba. Mkataba wenyewe uwe kwa Kiswahili. Bunge liliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Ikiwa hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili, mkopeshaji wa laki mbili ana sababu gani ya kumwandikia mvuvi mkataba kwa Kiingereza?

Sasa fedheha imepata na njia mpya, nayo ni simu ya mkononi. Kijana anapakua programu ya mkopo, anaombwa aruhusu programu hiyo isome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, naye anabonyeza kukubali kwa kuwa anataka shilingi 50,000 kabla ya magharibi. Akichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa mjomba wake, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa mkwewe, kwa imamu, ukimtaja kuwa ni tapeli na mwizi. Watu hao hawakukopa, hawakumdhamini mtu, wala hawajui habari yoyote. Kosa lao ni kuwa namba zao zilikuwa katika simu ya mtu.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza kuzipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni. Kabla ya hapo Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikaundwa. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua zaidi. Kanuni zao za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, na Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwapelekea ujumbe na simu za vitisho. Faini kama hiyo inasomwa na kila mkopeshaji. Tungependa kuona na Tume yetu ikitoa yake, na magazeti yakaiandika.

Wako watakaosema kwamba gazeti hili linawatetea wasiolipa. Hatuwatetei. Mwenye kukopa na uwezo wa kulipa anao, kisha akajificha, anamdhulumu aliyemwamini na anawafungia mlango wenzake watakaokuja kukopa baada yake. Tena tuseme ukweli bila ya kuzunguka: hata ile mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vingi nchini vimeichukua kama sadaka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimelisema hilo mwaka baada ya mwaka. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ilipokuwa imesimama, mama mjasiriamali hakuacha kuhitaji mtaji. Alikwenda kwa kausha damu. Kila kikundi kilichokula fedha za halmashauri bila ya kurejesha kina mchango wake katika kumpeleka huko.

Vile vile wako wakopeshaji waungwana, wenye leseni, wanaosubiri na wanaopunguza. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na mchezo huu, maana mwananchi hana njia ya kuwatofautisha na wale wengine; wote anawaita jina moja. Dini inayofuatwa na walio wengi kisiwani humu imemhimiza mwenye kudai ampe muhula mdaiwa aliyefikwa na dhiki. Hatumtazamii kila mfanyabiashara awe mcha Mungu, lakini afuate sheria iliyompa leseni.

Tukija kwa viongozi, tunalo la kuwaambia kwa heshima na bila ya kuficha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeligawa eneo hili katika madaraja manne na kumtaka kila anayekopesha kwa biashara awe na leseni au usajili. Benki Kuu ina makao yake Dodoma na Dar es Salaam, na ofisi katika sehemu nyingine kama Mtwara, Mwanza, Mbeya, Arusha na Zanzibar. Hapa Mafia haina dirisha. Mwananchi wa Kilindoni akitaka kwenda mwenyewe kulalamika, itampasa avuke bahari hadi Nyamisati, kisha ashike barabara ya Dar es Salaam. Nauli, chakula na malazi yake vinaweza kuizidi riba anayoilalamikia. Ni kweli upo mfumo wa malalamiko kwa njia ya mtandao uitwao Sema na BoT, na ni jambo jema. Lakini bibi wa Juani aliyebebewa godoro hana simu ya kuingilia mtandaoni, na kama anayo, pengine nayo imebebwa.

Kwa hiyo mkono wa sheria hapa kisiwani ni ninyi mlioko kisiwani. Halmashauri, ambayo kwa mujibu wa sheria hiyo ndiyo inayosajili vikundi vya daraja la nne, inao Maafisa Maendeleo ya Jamii na Maafisa Biashara. Waende ofisi hadi ofisi, chumba hadi chumba, pale Kilindoni na kwingineko panapokopeshwa, waulize swali moja tu: leseni yako iko wapi? Hilo halihitaji bajeti wala semina. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni hutolewa na Benki Kuu. Ichapwe, ibandikwe katika ubao wa kila ofisi ya kijiji, kuanzia Jimbo hadi Ndagoni, na visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu visisahauliwe kama inavyotokea mara nyingi. Asiyekuwemo katika orodha aitwe ajieleze.

Kwa wenyeviti wa vijiji na wajumbe tunasema hivi. Mkusanya madeni hupenda kupita kwenu kwanza, akawaomba mmsindikize "kwa ajili ya usalama". Kiongozi anayekwenda naye bila ya kuona amri ya mahakama anamkopesha mamlaka ya kijiji, na mwenye nyumba akimwona mwenyekiti wake uani huamini kwamba jambo lile ni la Serikali, akanyamaza. Mwulizeni karatasi. Akiwa nayo, isomeni mbele ya mdaiwa, mwone muhuri ni wa mahakama gani na mali zilizotajwa ni zipi. Akiwa hana, mrudisheni alikotoka.

Jeshi la Polisi nalo lina kazi yake. Mdaiwa asiwekwe mahabusu kwa kuwa mkopeshaji anafahamiana na askari wa zamu. Palipo na udanganyifu wa kweli tangu mwanzo, hilo ni jinai na lichunguzwe kama jinai. Lakini mama aliyelipa marejesho sita kati ya kumi hakuiba kitu, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanyia marejesho. Kinyume chake, mwananchi akija kusema kwamba watu wameingia nyumbani kwake wakabeba vyombo, lalamiko lake liandikwe na apewe namba ya jalada, wala asiambiwe akamalizane na anayemdai.

Yuko na mwingine ambaye hatumsikii akitajwa sana, naye ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua watu hawa, waliofunzwa kumweleza mwananchi haki yake bila ya malipo. Halmashauri ingefanya jema kama ingewaita wakati wa mikutano ya hadhara ya vijiji, hasa kabla ya kusi kuanza, maana huo ndio wakati watu wanapokopa kwa wingi. Wawasomee wananchi mkataba wa mkopo mstari kwa mstari, wawaonyeshe riba iko wapi, faini iko wapi, na ile karatasi ya pili ya mauziano inavyofanana. Saa moja ya kazi hiyo pale Kirongwe au Baleni itaokoa magodoro mengi.

Wananchi nao wasingoje kufanyiwa yote. Kila malipo yaombewe risiti, na ujumbe wa simu unaothibitisha malipo usifutwe. Ujumbe wa matusi nao usifutwe kwa hasira, maana ndio ushahidi. Anayetishwa aandike siku, saa na majina ya waliokuwapo. Lalamiko lianzie kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, na likikosa jibu lipelekwe Benki Kuu. Kama namba za jamaa zimetumiwa vibaya, lipelekwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na siku mkusanya madeni atakaposimama uani kwa jirani na kuanza kupiga kelele, majirani watoke. Wasitoke kumpiga, watoke kumwuliza kwa upole, mbele ya watu wote, kama amekuja na karatasi ya hakimu.